Dakika Nne Nyuma ya Banda la Kuku

Watu walimwita Dira, na yeye hakulikataa jina hilo. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amewapandisha wageni mlimani na kuwateremsha, na katika miaka hiyo yote hakumpoteza hata mmoja, ukiacha bwana fulani mnene aliyejipoteza mwenyewe kwa makusudi kwa kuwa alikuwa amegombana na mkewe. Ramani hakuwa nayo. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba ramani ni ya mtu asiye na macho. Alijua jiwe lipi huteleza baada ya mvua, alijua mti upi umeanguka na upi unafikiria kuanguka, na kila alipofika kwenye njia panda hakugeuza shingo kutazama upande wa pili. Mtu mwenye sifa ya namna hii huishi vizuri sana mpaka siku walimwengu wanapoamua kwamba sifa yake inaweza kutiwa ndani ya simu, tena bure.

Zilipoanza kuja programu za simu za kuonyesha njia za mlimani, Dira alicheka. Wageni walifika getini wameinamisha vichwa kama watu waliofiwa, kila mmoja akitazama kiganja chake. "Hii inafanya kazi hata pasipo na mtandao," walimwambia kwa fahari, kana kwamba kichwa chake yeye kilikuwa kikihitaji mtandao siku zote. Aliwatazama wakipanda peke yao, simu mbele, miguu nyuma, wakijikwaa kwenye mizizi ambayo simu haikuiona. Jioni walirudi wazima. Hilo lilimuudhi zaidi kuliko kama wangepotea.

Kazi ikapungua. Waongozaji wenzake waliosoma alama za nyakati wakahama mapema: mmoja akanunua pikipiki, mwingine akawa mpishi katika nyumba ya wageni, wa tatu akaanza kuuza vifuniko vya simu palepale getini, akawauzia haohao waliomnyang'anya kazi. Dira akabaki na wateja wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wazee walioogopa simu, na wa pili walikuwa vijana ambao simu zao zimeisha chaji.

Aliyemwekea programu mojawapo kwenye simu yake ni binti yake mwenyewe, muuguzi katika hospitali ya mjini, na aliifanya kazi hiyo kwa sababu ya goti. Goti la kulia la Dira lilikuwa limeanza kutoa sauti kama mlango wa stoo.

"Baba, goti lako si la kuchezea," binti alisema. "Ukianguka huko juu nani atajua?"

"Mlima utajua."

"Mlima haupigi simu."

Alimnyang'anya simu, akaiweka programu. Iliitwa Nyayo. Dira alichungulia juu ya bega lake.

"Bei gani?"

"Bure."

"Basi ina kasoro."

"Kasoro gani, Baba?"

"Bado sijaijua. Lakini rahisi ni ghali, hilo hukufundishwa huko chuoni?"

Hapo alikuwa amesema kweli bila kujua kiasi cha ukweli wenyewe. Binti alimwonyesha kitufe kimoja tu, cha kijani. Asubuhi akianza safari akibonyeze, jioni akimaliza akibonyeze tena. Mara ya kwanza maana yake ameondoka, mara ya pili maana yake amefika. Binti naye, akiwa wodini kwake, angeiona njia yake yote kama uzi. Dira alielewa kwamba hiyo ni barua anayomwandikia mwanawe kwa miguu, na barua ya namna hiyo haikumkera. Kwamba ilikuwa ikisomwa na watu wengine pia, hakuambiwa. Binti mwenyewe hakujua, maana alikuwa akiwahi zamu, akabonyeza "nakubali" mara nne mfululizo bila kusoma, kama tunavyobonyeza sote.

Hapa ni lazima lisemwe jambo ambalo waongozaji wenzake walilijua nusunusu na wageni hawakulijua kabisa. Wakati wa kuteremka, ukishaimaliza misonobari, pana njia panda. Njia kuu hukata moja kwa moja mpaka getini. Dira hakuifuata. Aliwageuza wageni kushoto, akawaambia, "Tupite huku, ni njia ya mkato." Njia hiyo ya mkato iliizidi njia kuu kwa dakika ishirini na tano. Ilikuwa na mawe, ilikuwa na upupu, na goti lililaani kila hatua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Dira ilikuwa ndefu, ila uongo ulikuwa uleule.

Njia ilishuka katikati ya mashamba, ikapita nyuma ya nyumba moja ya bati jekundu, ikagusana na banda la kuku. Hapo Dira alisimama. Aliwaambia wageni wapumzike, akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tangu alfajiri. Akaifunga kwa dakika nne. Kisha akanyanyuka, wakaendelea na safari, na kutoka hapo mpaka getini hakuwa mtu wa maneno mengi.

Nyumba hiyo ilikuwa ya dada yake.

Dada alimzidi miaka kumi. Alimbeba mgongoni, akamlisha, na ni yeye aliyemfundisha kutembea, jambo alilopenda kulikumbusha kila watu walipoisifu miguu ya mdogo wake. Kisha mama yao akaugua. Dada akatuma ujumbe juu mlimani kwa mkono wa mpagazi mmoja: teremka leo. Dira alikuwa na wageni wanane, na kilele kilikuwa mbele yao kwa siku moja. Akajiambia kwamba mama alishawahi kuugua mara nyingi akainuka. Akawapandisha wageni wake, wakapiga picha, wakampongeza. Alipofika chini, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu walikuwa wakiosha majembe.

Dada alimpokea mlangoni, mbele ya majirani wote. Hakupaza sauti.

"Umewaongoza watu wa dunia nzima," alisema. "Kwenu ukapotea."

Hakuna lililomuuma Dira maishani kama sentensi ile, kwa sababu haikuwa na hata neno moja la uongo. Na kwa kuwa hakuwa na la kujibu, alijibu kwa kiapo.

"Basi mlango huu sitaukanyaga tena."

Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, bahati mbaya. Miaka kumi na moja ilipita na mlango ule hakuukanyaga. Lakini kiapo hakikutaja banda la kuku. Kutoka nyuma ya banda aliweza kuona moshi wa jikoni na nguo kwenye kamba, na siku za bahati aliisikia sauti ya dada ikiwasuta kuku, kila mmoja kwa dhambi zake. Moshi ukifuka na nguo zikiwa zimeanikwa, dada ni mzima. Basi. Hakutaka zaidi ya hapo, au ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba alikuwa na hamu na dada yake, na kwa umri wake hakumjua mtu ambaye angeweza kumwambia neno kama hilo bila aibu.

Miaka miwili baada ya ile siku ya kitufe cha kijani, Dira akiwa anateremka peke yake alimkuta kijana na mchumba wake pale njia panda wakigeukia kushoto.

"Nyie," aliwaita, "getini ni moja kwa moja."

"Hapana, mzee. Simu inasema huku. Hii ndiyo njia inayopitwa zaidi."

Wakamwonyesha. Kwenye kioo palikuwa na mstari mnene wa rangi ya chungwa ulioshuka kutoka kileleni, ukafika penye njia panda, ukakunja kushoto bila wasiwasi. Njia kuu ilikuwa uzi mwembamba wa kijivu, kama njia ya mbuzi.

"Na mbele kidogo kuna mahali pa kupumzika," mchumba aliongeza. Kweli, palikuwa na alama ya kibenchi.

Mtu mwingine angeshtuka. Dira alivimba kichwa. Siku hiyohiyo, kwenye benchi la waongozaji getini, alihutubia. "Miaka yote mnanicheka na njia yangu ya mkato. Sasa hata setilaiti imekubali. Setilaiti, jamani, inayotazama kutoka mbinguni." Wenzake wakatazamana. Hakujiuliza hata mara moja setilaiti imeipendaje njia ya mawe na upupu. Mtu akisifiwa huwa hamuulizi anayemsifu amejuaje.

Haukupita mwezi, akaitwa ofisini.

Ofisi ya chama cha waongozaji ilikuwa chumba kimoja kando ya geti. Palikuwa na meza yenye kioo, na chini ya kioo picha za wenyeviti waliopita, wote wamenuna. Palikuwa na kalenda ya miaka mitatu nyuma iliyobakizwa kwa sababu ya picha yake ya maporomoko ya maji, chupa ya chai isiyofunga vizuri, na karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyejua habari za kila mtu na kuzitunza kwa mpangilio mzuri kuliko mafaili yake. Mwenyekiti zamani alikuwa mpagazi. Ndiye yule aliyepanda na ujumbe wa dada, miaka kumi na moja iliyopita, akaufikisha kwa pumzi za mwisho.

"Kaka, karibu ukae," Mwenyekiti alisema. "Kuna malalamiko."

Akaiweka barua mezani. Dira aliziona herufi, ndefu, zilizosimama wima kama walinzi. Hakuwa na haja ya kusoma jina. Mwenyekiti akajikohoza, akasoma kwa sauti:

"'Nalalamika juu ya wageni wanaokaa nyuma ya banda langu la kuku. Wanakuja na simu, wanakaa kama wamealikwa, wanawapiga picha kuku wangu bila idhini. Mmoja ameniuliza choo cha wageni kiko wapi. Mwingine amenipa nyota tatu. Kuku wawili wamegoma kutaga. Naomba wanaohusika wawaondoe.'"

"Nyota tatu za nini?" Dira aliuliza, ili naye asikike.

Karani alikuwa ameshaifungua Nyayo kwenye simu yake. Alishusha miwani. "Ziko hapa. 'Mahali pa kupumzika. Nyota tatu kati ya tano. Mandhari: kuku. Mwenyeji mkali.'"

Mwenyekiti alijizuia kucheka kwa kuinua kikombe. "Sasa Kaka, wewe ndiye unayeujua upande ule. Tunataka kumjua aliyeichora njia hii kwenye simu, ili aifute."

"Hawa watu wa simu hawajulikani," Dira alisema. "Wako ng'ambo huko."

"Wanajulikana," karani alisema. "Imeandikwa." Kidole chake kilipanda, kikashuka, kikakwama. "Aliyepita mara nyingi kuliko wote anaitwa 'Baba Dira'. Amepita mara mia moja arobaini na tatu." Akasita. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi aliyoianza alizoea kuimaliza. "Na kila mara anasimama palepale. Dakika nne. Dakika nne. Dakika tano. Nne. Ndiyo maana programu ikapawekea alama ya mapumziko."

Chupa ya chai ilidondosha tone, ikadondosha jingine.

"Kamba ya kiatu," Dira alisema.

"Mara mia moja arobaini na tatu?"

"Ni kamba mbaya."

Mwenyekiti alivitazama viatu vya Dira kwa muda mrefu, halafu akaikunja barua taratibu kwenye mikunjo yake ileile. Huyu ndiye mtu pekee pale ofisini aliyeuona uso wa Dira siku ujumbe ulipofika, na ndiye aliyemsikia akisema, "Kesho kutwa nitateremka, mwambie dada." Hakuwahi kumkumbusha.

"Mwandishi anastahili majibu," alisema. "Nimwandikie nini?"

"Mwandikie hawatapita tena."

"Basi?"

"Basi."

Alitoka pale akitembea haraka kuliko goti lilivyoruhusu. Ofisi haikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba mgeni yeyote mwenye mdomo mrefu angeweza kukaa nyuma ya lile banda na kumwonyesha dada kioo cha simu. Mia moja na arobaini na tatu. Dakika nne, nne, tano, nne. Dada angejua kwamba mdogo wake, yule aliyeondoka kwa kishindo na kiapo mdomoni, alikuwa akinyemelea nyuma ya kuku wake kama mwizi wa mayai. Kuchukiwa kwa kiburi alikuwa ameshakuzoea, hata kulikuwa na heshima kidogo ndani yake. Kuhurumiwa asingekuweza.

Jumapili binti alipokuja kumtembelea, hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Futa," Dira alisema, akampa simu.

"Nifute nini?"

"Yote. Nyuzi zote. Kumbe hii kitu inanitangaza."

Binti alisoma, akaona, akajishika mdomo. Aliomba radhi. Halafu akakaa kwenye mkono wa kiti, simu mapajani, na hakufuta.

"Baba, mimi nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unasimama kwa Shangazi. Mwanzoni nilidhani ni goti. Baadaye nikasema, goti gani hili linauma mahali pamoja tu, kila safari?"

Dira aliangalia dirishani. "Mbona hukusema?"

"Ungeacha."

Hilo nalo lilikuwa la kweli. Siku hizo alikuwa akizungukwa na watu wa kweli tupu, mpaka inachosha. "Futa, mama," alisema kwa sauti ya chini, na binti akafuta. Ila alimweleza kwamba kufuta peke yake hakutoshi, maana wageni wengi walishaikanyaga njia ile na nyuzi zao zimebaki. Dawa ni kupita njia kuu, yeye na wote anaowaongoza, mpaka programu iamini tena kwamba njia ni hiyo. Akamchorea mstari wa njia kuu, akaiweka simu imlinde: akitoka nje ya mstari kwa hatua thelathini, itatetemeka na kumwambia amepotea.

"Miaka ishirini na saba," Dira alisema, "leo nimevishwa kengele."

Alipita njia kuu safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wageni walifika getini mapema, wakafurahi. Goti likanyamaza. Kule kwenye Nyayo mstari wa chungwa ulianza kufifia, kibenchi kikatoweka, na kuku, bila shaka, wakarudi kazini. Kila kitu kilikwenda vizuri, na Dira akakonda. Pale njia panda sasa aligeuza shingo. Alisimama, akatazama kushoto ambako hakuna kilichoonekana zaidi ya upupu, mpaka wageni wakamuuliza kama amesahau njia. Hakujua kama moshi unafuka. Hakujua kama nguo zimeanikwa. Alimpigia binti simu katikati ya wiki, jambo ambalo hakulizoea.

"Huko hakuna habari?"

"Habari gani, Baba?"

"Yoyote tu."

Wiki ya tatu, Ijumaa, aliteremka na wageni wawili, mume na mke, walimu wastaafu waliomchukua yeye kwa sababu simu ya mke waliiamini nusu tu. Walipotoka kwenye misonobari, Dira aliona mtu amekaa juu ya jiwe, katikati kabisa ya njia panda. Alikuwa mwanamke mtu mzima, fimbo magotini, viatu vyake vizuri vimejaa vumbi. Kutoka nyumba ya bati jekundu mpaka pale ni mwendo wa saa nzima wa kupanda, kwa mtu mwenye miguu mipya. Huyu alikuwa na miaka sitini na minane.

"Shikamoo, dada," mdomo ulisema, kabla kichwa hakijakata shauri.

"Marahaba."

Wageni walisimama kando. Dada alimtazama mdogo wake kuanzia kofia mpaka viatu, akarudi juu tena.

"Kumbe hujafa," alisema.

"Sijafa."

"Wiki tatu. Nikasema amekufa, na hawa wa ofisini wananificha. Wameniandikia eti hawatapita tena. Nani aliwaomba hivyo?"

"Si wewe mwenyewe ulilalamika."

"Nililalamikia wageni. Wewe nilikutaja wapi?"

Kamba za viatu zilikuwa palepale, zimefungwa. Dira aliziangalia hata hivyo.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Banda lile nimelijenga kwa mikono yangu, linanifika mabegani. Miaka kumi na moja naona kofia inakuja juu yake. Inasimama, inazama, inaibuka, inaondoka. Ulidhani nadhani ni kuku?"

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuita ungekimbia, na ulivyo na kiburi usingerudi." Dada aliisogeza fimbo yake kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Nikaona bora niwe naanika nguo. Siku zako za kuteremka nazijua. Siku nyingine sikuwa na nguo chafu, nikaanika safi."

Dira alikuwa amesimama kileleni mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, mahali ambapo hewa ni haba na watu wazima hushika kifua. Hakuwahi kukosa pumzi namna ile. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeikamata kofia.

"Nilikuja kwa kuchelewa, dada," alisema. "Siku ile."

"Ulichelewa," dada alisema. "Na mimi nilikusema mbele za watu. Sasa niinue, jiwe hili ni baridi."

Akarudisha kofia kichwani, akamwinua. Mke wa mwalimu, ambaye alikuwa amejitahidi sana kusoma mawingu, alikohoa kidogo. "Samahani, mzee. Simu inasema twende moja kwa moja."

Hapo ndipo mzee wetu alipofanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka ishirini na saba, hata siku ile lilipohitajika kuliko siku zote. Aliwaacha wageni wake njiani. Kwanza aliomba simu ya mgeni. Akautazama mstari, wote, mpaka getini, kama mwalimu anayesahihisha daftari, akairudisha.

"Iko sawa," alisema. "Ifuateni hiyo. Ni nusu saa, hakuna pa kupotelea. Mwambieni Mwenyekiti nimekwenda nyumbani."

"Na nani anatuongoza?"

"Simu," Dira alisema, na neno lenyewe halikumchoma ulimi kama alivyotarajia.

Walipoanza kushuka kushoto, dada mbele na fimbo yake, yeye nyuma akimshika kiwiko penye mawe, Dira alikumbuka jambo likamsimamisha.

"Dada, niliapa. Mlango wako."

"Uliapia mlango wa mbele, nilikuwepo. Wa jikoni hujauapia."

Alilipima jambo hilo, akaona halina dosari. Wakaendelea. Hatua ya thelathini, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Nini hicho?" dada aliuliza bila kugeuka.

"Ni hii simu. Inasema nimepotea."

"Leo ndiyo imejua?"

Simu ililalamika njia nzima, kwenye upupu, kwenye mawe, katikati ya mashamba. Nyuma ya banda la kuku miguu ya Dira ilisimama yenyewe kwa mazoea, na kiuno kikaanza kuinama.

"Imefungwa hiyo," dada alisema. "Pita."

Kuku walimpisha. Kwenye kamba zilining'inia shuka mbili na gauni moja, kavu kabisa, zimeanikwa tangu siku nyingi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Dira alivuka kizingiti, akavua kofia, akatoa simu iliyokuwa bado inatetemeka, akabonyeza kitufe cha kijani mara ya pili, kama binti yake alivyomfundisha afanye akishafika.